Saratani ya ubongo kwa watoto: dalili tunazozifumbia macho mpaka tumechelewa

Mtoto akiamka asubuhi akilalamika kichwa, kisha akatapika, neno la kwanza linalomjia mzazi wa Pwani ni malaria. Ni haki yake kufikiri hivyo. Mbu tunaishi nao mwaka mzima, na mtoto anayeumwa namna hiyo anafaa kupimwa malaria siku hiyo hiyo.

Lakini tuseme kipimo kimeonyesha hana malaria. Anapewa dawa ya taifodi. Wiki ya pili ananunuliwa dawa ya minyoo. Wiki ya tatu tumbo ndilo linalosingiziwa: ana asidi, asipewe pilipili wala ndimu. Wiki ya nne jirani anamnong'oneza mama kwamba huyu mtoto aangaliwe kwingine, huenda ni jicho la mtu. Muda wote huo kichwa kinarudi kila asubuhi, kutapika kunarudi, na mtoto aliyekuwa akishinda nje akicheza mpira sasa anashika ukuta anapokwenda msalani.

Wengi wa watoto wanaoumwa kichwa na kutapika hawana uvimbe wa ubongo. Tuliseme hilo mapema ili mtu asiingiwe na hofu bure. Ila wachache walio nao mara nyingi huzungushwa kwa njia hii hii, na siku zinazopotea njiani zina uzito mkubwa katika kuamua kama mtoto atapona, atapona akiwa amepoteza macho yake, au tutamzika. Makala haya yanaeleza ugonjwa wenyewe, dalili zake kwa kila umri, na mzazi afanye nini akizishuku.

Ni ugonjwa gani huu?

Mwili umejengwa kwa seli ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kwa kawaida seli hukua, hujigawa na kufa kwa mpangilio. Saratani hutokea pale kundi la seli linapoacha mpangilio huo likaendelea kujigawa bila kikomo mpaka likawa uvimbe. Uvimbe wa mguu au wa tumbo huonekana, au hushikika kwa mkono. Wa ubongo umefichwa ndani ya fuvu, kwa hiyo hujulikana kwa yale unayoyafanya.

Fuvu ni mfupa, na mtoto akishapita uchanga halitanuki. Chochote kinachokua ndani yake lazima kibane kitu kingine. Ndiyo sababu hata uvimbe usiokuwa saratani, ule unaokua polepole na usiosambaa, unaweza kuua kwa sababu ya mahali ulipo tu. Dalili za uvimbe wa saratani na usio wa saratani ni zile zile, na zote mbili zinataka hospitali.

Ndani ya ubongo mna maji safi yanayotengenezwa usiku na mchana. Hupita katika mifereji myembamba, kisha hufyonzwa na kurudi kwenye damu. Uvimbe ukiuziba mfereji, maji hujaa na shinikizo hupanda ndani ya kichwa. Mtoto akiwa amelala shinikizo hilo huzidi, na ndiyo maana maumivu humwamsha alfajiri au humpata anapofungua macho. Akishatapika, mara nyingi kichwa hupoa. Anaomba chai, anakwenda shule, na mzazi anashusha pumzi akidhani yamekwisha. Kesho yake yanaanza upya.

Kwa watoto, sehemu kubwa ya uvimbe huota nyuma ya kichwa, chini, karibu na shingo. Hapo ndipo palipo na ubongo mdogo, yaani serebelamu, unaomwezesha mtu kusimama wima, kutembea bila kuyumba na kupeleka kijiko mdomoni bila kukosea. Hapo pia mifereji ya maji ni myembamba. Ukiujua mpangilio huu, dalili nyingi zitakazotajwa hapa chini zinaeleweka zenyewe.

Aina ni nyingi. Meduloblastoma ndiyo saratani kali ya ubongo inayowapata watoto zaidi ya nyingine. Hukua haraka na huweza kusambaa kupitia maji ya ubongo hadi kwenye uti wa mgongo. Madaktari wawili wa Marekani, Harvey Cushing na Percival Bailey, ndio walioieleza na kuipa jina mwaka 1925, na wakati huo walionusurika walikuwa wa kuhesabika. Leo, katika nchi zenye matibabu kamili, takriban watoto saba kati ya kumi wanaopatikana na meduloblastoma huishi miaka mitano na zaidi. Astrositoma ya daraja la chini hukua polepole, na ikiondolewa yote kwa upasuaji wengi mno hupona. Kuna ependimoma, na kuna kraniofaringioma ambayo hukaa karibu na mishipa ya macho na tezi inayosimamia ukuaji wa mwili. Ngumu kuliko zote ni glioma ya shina la ubongo, ambayo tutaitaja tena baadaye.

Je, huku kwetu upo?

Wapo wanaosema saratani ya watoto ni ugonjwa wa Wazungu. Tuangalie hesabu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wa umri wa hadi miaka 19 hupata saratani ulimwenguni. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 kati yao hupona. Katika nyingi za nchi maskini na za kipato cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 WHO ilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kuhakikisha kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanapona.

Katika nchi tajiri, uvimbe wa ubongo ni wa pili kwa wingi miongoni mwa saratani za watoto, baada ya saratani ya damu. Lakini ukifungua daftari za saratani za nchi nyingi za Afrika utakuta uvimbe wa ubongo kwa watoto ni mchache kupita kiasi. Si kwamba watoto wetu wamekingwa. Ili mtoto aandikwe kwenye daftari hilo, lazima awe amefika penye mashine ya picha ya kichwa, na penye daktari wa kuisoma na wa kumpasua. Aliyefia nyumbani kwa "malaria isiyosikia dawa" haandikwi popote.

Dalili, kwa umri wa mtoto

Hakuna dalili moja inayothibitisha uvimbe. Linalotakiwa kumshtua mzazi ni dalili inayodumu, inayorudi, au inayofuatana na nyingine.

Mchanga asiyefika mwaka:
- Kichwa kinakua haraka kuliko mwili. Kliniki hukipima kwa futi ya utepe; mzazi anaweza kuomba kipimwe.
- Utosi umevimba na umekaza hata mtoto akiwa ametulia, amekalishwa na halii.
- Macho yanatazama chini muda wote, weupe ukionekana juu ya mboni.
- Anatapika mara kwa mara, analala kupita kiasi, au ameacha mambo aliyokwisha kuyaweza, kama kukaa au kushika vitu.

Mtoto wa chini ya miaka 5:
- Kutapika kwa zaidi ya wiki mbili, hasa asubuhi, bila kuharisha na bila homa.
- Kuyumba, kuanguka ovyo, au kukataa kutembea ilhali alishajua.
- Makengeza yaliyoanza ghafla, au macho yanayochezacheza yenyewe.
- Kuinamisha kichwa upande mmoja, au shingo iliyokaza isiyo na sababu.
- Kubadilika tabia: mchangamfu amekuwa mnyonge, analia bila sababu, hataki kucheza.
- Degedege bila homa.

Mtoto wa miaka 5 hadi 11:
- Hizo zote, pamoja na maumivu ya kichwa yanayorudi, hasa yanayomwamsha usingizini.
- Kuona vitu viwiliviwili au kuona ukungu.
- Mwandiko kuharibika, kumwaga chai, kushindwa kufunga vifungo.

Kijana wa miaka 12 hadi 18:
- Hizo zote, pamoja na kubaleghe kunakochelewa au kulikosimama njiani, kiu isiyokwisha na kukojoa sana, au kuacha kurefuka wakati wenzake wanarefuka.

Kipimo rahisi cha kukumbuka ni hiki. Dalili moja ikidumu wiki mbili, mpeleke kwa daktari na uitaje waziwazi. Dalili mbili au zaidi zikikutana, omba rufaa ya haraka. Na mtoto akipoteza fahamu, akipata degedege linalopita dakika tano, au akawa na kichwa kikali na kutapika huku akisinzia na haamki vizuri, hiyo ni dharura. Usingoje kupambazuke.

Unaloweza kuangalia nyumbani

Mzazi si daktari, lakini yapo mambo manne unayoweza kuyatazama bila kumuumiza mtoto.

Kwanza, mwambie atembee kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Mtoto wa miaka sita au saba mzima huweza hatua kadhaa. Pili, aguse pua yake kisha kidole chako, mara tatu nne, kwa kila mkono. Tatu, afuate kidole chako kwa macho, kulia, kushoto, juu na chini, bila kugeuza kichwa. Nne, fungua picha za simu za miezi sita iliyopita. Tazama macho na namna anavyoshika shingo. Mara nyingi kengeza au shingo iliyolala upande huwa ilianza zamani kuliko mlivyodhani.

Ukiona jambo, lichukue video. Mtoto akifika mbele ya daktari huenda akasimama imara kwa dakika tano. Video ya anavyoyumba alfajiri itasema yale ambayo mama angehangaika kuyaeleza. Andika pia tarehe: lini kichwa kilianza, katapika mara ngapi, kapewa dawa gani. Karatasi moja yenye tarehe humfanya daktari aone kwamba huu ni ugonjwa mmoja wa wiki sita, wala si homa tatu mbalimbali.

Nyuni, jini na hospitali

Huwezi kuzungumzia degedege Pwani ukaacha kutaja nyuni. Kwa vizazi vingi, Waswahili na Wamijikenda wamelieleza degedege la mtoto kama ndege anayepita juu ya nyumba, na tiba yake imekuwa ya kienyeji. Makengeza ya ghafla na mtoto kubadilika tabia nayo huambiwa ni jini au husuda.

Si nia ya makala haya kumdhihaki bibi wa mtu. Waliotutangulia walikuwa wakieleza walichokiona, nao hawakuwa na mashine ya kuona ndani ya fuvu. Anayetaka kumsomea mtoto dua na amsomee, hakuna daktari atakayemzuia, na dua hiyo inasomeka vizuri tu ndani ya gari la kwenda hospitali. Hatari ni kungoja: kusema tumalize siku saba za dawa kwanza, kisha siku arobaini. Uvimbe unaokua haraka hauna subira ya siku arobaini. Na kumchanja mtoto mchanga utosini uliovimba, au kumpaka dawa kali hapo, kunaweza kumletea maambukizi juu ya ugonjwa alio nao.

Wenye duka la dawa nao wana sehemu yao. Mzazi anayerudi mara ya tatu kununua dawa ya kichwa ya mtoto yule yule haitaji chupa nyingine. Anahitaji kuambiwa: mpeleke akapimwe.

Kusema kunasaidia

Kuna anayeweza kuuliza, maneno matupu ya kuhamasisha yatabadilisha nini? Uingereza imelijibu swali hili. Huko nako wazazi walikuwa wakizungushwa, na watoto walikaa wastani wa zaidi ya wiki 14 tangu dalili ya kwanza hadi uvimbe kujulikana. Mwaka 2011 ukaanzishwa mpango wa HeadSmart, uliosambaza orodha fupi ya dalili, kama hiyo uliyoisoma hapo juu, kwa wazazi, walimu na madaktari wa kawaida. Baada ya miaka michache muda huo ulishuka hadi chini ya wiki 7. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa hapo. Watu walijua cha kuangalia, na madaktari walijua lini wapige picha.

Safari ya kutafuta tiba

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, lakini usiishie hapo dalili zikiendelea. Hospitali za rufaa za kaunti, kama Kilifi, Malindi, Msambweni, Voi au King Fahd kule Lamu, zinaweza kumchunguza mtoto na kumwandikia rufaa. Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, ambayo wengi wetu tunaiita Makadara, ndiyo ya rufaa kwa mkoa mzima. Baadhi ya watoto watalazimika kwenda Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa upasuaji mgumu au tiba ya mionzi.

Mzazi ana haki ya kuuliza. Uliza kwa upole na bila kuogopa: "Daktari, mwanangu ameumwa kichwa na kutapika kwa wiki tatu, na sasa anayumba. Je, inaweza kuwa kitu kichwani? Anahitaji picha?" Ukiambiwa hapana, uliza umrudishe lini hali isipobadilika. Swali hilo la pili limewaokoa wengi wasipotee.

Picha zenyewe ni mbili. CT ni ya haraka, hupatikana katika hospitali nyingi zaidi, na huonyesha uvimbe mkubwa na maji yaliyojaa. MRI huchukua muda mrefu na bei yake ni ya juu, lakini huonyesha vizuri zaidi, hasa sehemu ya nyuma ya ubongo ambako uvimbe wa watoto hupenda kukaa. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi ili atulie ndani ya mashine. Hilo ni jambo la kawaida.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na matibabu ya saratani yamo katika huduma zake kwa kiwango kilichowekwa. Jiandikishe kabla hujaumwa, kwa kupiga *147# au kupitia kwa mhudumu wa afya wa mtaani, na uhakikishe kila mtoto ameorodheshwa chini ya jina lako. Familia nyingi hugundua cheti cha kuzaliwa kimekosekana siku ambayo mtoto anatakiwa kulazwa. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Ukikwama, uliza mlango wake kabla ya kuamua kumrudisha mtoto nyumbani.

Matibabu yakoje?

Mara nyingi hatua ya kwanza ni kupunguza shinikizo. Mtoto hupewa dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo. Maji yakiwa yamejaa, huwekewa mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi kuyapeleka tumboni, au hutobolewa njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa kamera ndogo. Njia hii ya pili iliendelezwa sana jirani hapa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, chini ya daktari Benjamin Warf, na leo hutumika katika nchi nyingi.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo watoto wengi hupotea. Baada ya dawa hiyo au mpira huo, mtoto hubadilika kwa siku chache. Kichwa hakiumi, anakula, anacheka. Familia inashukuru, inakusanya vitu, inarudi nyumbani. Lakini uvimbe bado upo pale pale. Kilichopungua ni shinikizo tu. Miezi miwili baadaye anarudishwa akiwa hajitambui. Kuacha matibabu katikati ni moja kati ya sababu kubwa zinazowaua watoto wenye saratani katika nchi zetu. Daktari akisema bado, basi bado.

Kisha huja upasuaji wa kuondoa uvimbe, wote au kiasi kinachowezekana, na kipande hupelekwa maabara kujua aina yake. Uvimbe mwingine wa daraja la chini huishia hapo. Saratani kali hufuatiwa na tiba ya mionzi, kemotherapi, au zote mbili. Watoto wa chini ya miaka mitatu madaktari hujitahidi wasiwape mionzi, kwa kuwa ubongo wao bado unajengeka. Kemotherapi huangusha nywele na hushusha kinga ya mwili. Mtoto aliye katika dawa hizo akipata homa, apelekwe hospitali siku ile ile.

Wazazi waambiwe mapema pia kuhusu jambo hili: baadhi ya watoto, baada ya upasuaji wa nyuma ya kichwa, huacha kabisa kusema kwa siku au wiki kadhaa. Hulia, hugeuka ukutani, hawamwitikii mama. Ni hali inayojulikana na madaktari. Wengi husema tena, ingawa pengine polepole na kwa kusaidiwa. Mzazi asiyeambiwa hilo anaweza kuamini mtoto amechezewa au ameharibiwa, akamtorosha wodini.

Pale tiba inaposhindwa

Glioma ya shina la ubongo, hasa ile iliyosambaa ndani ya shina lenyewe, mpaka leo haina tiba ya kuiponya. Haiwezi kukatwa kwa sababu imejisuka katikati ya mishipa inayoendesha pumzi na moyo. Mionzi hupunguza dalili kwa miezi kadhaa. Ugonjwa huu hauangalii cheo wala elimu. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi mwaka 1969, alimzika bintiye Karen kwa uvimbe wa aina hiyo Januari 1962, mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu.

Kukosa dawa ya kuponya si kukosa la kufanya. Maumivu yanatulizwa, kutapika kunazuiwa, na familia inafundishwa namna ya kumuuguza. Mombasa ina Coast Hospice kwa kazi hiyo. Mtoto asiachwe kulia kwa maumivu kwa kuwa tu watu wameogopa neno mofini.

Maswali yanayoulizwa sana

Je, unaambukiza? Hapana. Mtoto mgonjwa anaweza kula sahani moja na ndugu zake, isipokuwa wakati wa kemotherapi, ambapo yeye ndiye anayekingwa na mafua yao.

Je, ni kwa sababu alianguka? Hapana. Mara nyingi ni kinyume: mtoto huanguka kwa sababu uvimbe ulishaanza kumyumbisha, na kuanguka ndiko kunakomfikisha hospitali.

Je, ni simu? Utafiti mkubwa wa MOBI-Kids, uliofanywa katika nchi 14 kwa vijana wa miaka 10 hadi 24, haukupata ushahidi kwamba simu zinasababisha uvimbe wa ubongo. Sababu nyingine za kumpunguzia mtoto simu zipo, lakini hii si mojawapo.

Je, ni wa kurithi? Mara chache. Kuna familia zenye hali za kurithi zinazoongeza uwezekano, mojawapo ikijulikana kwa madoa mengi ya rangi ya kahawa kwenye ngozi ya mtoto. Kwa walio wengi, sababu haijulikani. Mama hakula kitu kibaya akiwa mjamzito. Baba hakukosea. Hakuna wa kulaumiwa, na ndoa isivunjike kwa hili.

Baada ya kupona

Mtoto aliyepona huenda akawa mzito kushika masomo, akachoka upesi, akasikia kwa shida au akawa mfupi kuliko wenzake. Hayo hutokana na uvimbe wenyewe na matibabu yake. Yapo yanayosaidika: miwani, kifaa cha kusikia, dawa za homoni, mazoezi ya viungo, muda zaidi wakati wa mtihani. Anahitaji kurudi kliniki kwa miaka, hata akionekana mzima.

Walimu wa shule na wa chuo mna nafasi ambayo hata wazazi hawana, kwa sababu mnamwona mtoto kila siku pamoja na wenzake. Aliyekuwa akiandika mistari iliyonyooka akaanza kwenda kombo, aliyesoma vizuri akaanza kuruka maneno, anayesinzia darasani na kushika kichwa: huyo si mvivu mpaka ithibitike. Kabla ya fimbo, muite mzazi.

Kila mwaka Februari 15 ni Siku ya Kimataifa ya Saratani ya Watoto, Juni 8 ni siku ya uvimbe wa ubongo duniani, na Septemba ni mwezi mzima wa saratani ya watoto, alama yake utepe wa dhahabu. Siku hizo ni nzuri kwa mikutano na mabango. Lakini kazi kubwa hufanyika sebuleni, alfajiri, mama anaposikia mtoto akitapika kwa mara ya nane mwezi huu, akakumbuka orodha aliyowahi kuisoma, akachukua kitabu cha kliniki na kuondoka naye asubuhi hiyo hiyo.